Kifungio Kifyatuke, Mguu Usalimike

Wanangu, na nyinyi wajukuu zangu mliozaliwa huku kwenye baridi, kila inapofika Novemba vilima vya Calgary vikaanza kuwa vyeupe, simu yangu haipumziki. "Shikamoo babu, tumepata skii fupi za bei poa, tuzichukue?" Marahaba, nawajibu, halafu nauliza swali langu lile lile: zinafungwaje mguuni? Hapo kimya. Rangi wameiona, urefu wameuona, wamesikia kwamba fupi ni rahisi kwa anayejifunza. Kile kidude kinachoshika buti hakuna aliyekitazama.

Basi leo nakaa nanyi kitako niseme mara moja kwa wote. Skii fupi ni kitu kizuri kwa mtu anayeteleza kwa kujiburudisha. Ila ufupi wake haulindi mfupa. Kinacholinda mfupa ni kifungio kinachojua kuachia. Chagueni kifungio kwanza, urefu baadaye, rangi mwisho kabisa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuiona theluji, lakini kwa jambo hili walipiga penyewe. Nami sisemi ya kusikia. Nimesimama majira mengi nyuma ya kaunta ya duka la kukodisha vifaa vya skii, bisibisi mkononi, nikifunga buti za watu wa kila kabila. Nimewaona waliorudi jioni wakicheka, na nimewaona walioshushwa mlimani juu ya machela.

Kwanza tusifu kinachostahili sifa. Skii ya kawaida ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 150 hadi 180 hivi. Hizi fupi ninazozungumzia ni za sentimita 90 hadi 130. Kuzigeuza ni kuzungusha miguu tu. Ncha zake hazikanyagani ovyo, hazikusumbui unaposhuka kwenye lifti ya viti, na wengi huziteleza bila fimbo mikononi. Ukiingia nazo kwenye basi humtoboi mtu jicho. Aliyekulia Tanga, Bukavu au Bujumbura, akaiona theluji kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini, anahitaji kuonja raha mapema kabla hajakata tamaa, na skii fupi humwonjesha siku ile ile ya kwanza.

Na jambo hili lina historia yake. Miaka ya 1960 kule Marekani, wakati wanaume walipokuwa wakijigamba kwa skii za mita mbili na zaidi, mwalimu Clif Taylor wa Vermont alishikilia kwamba mgeni aanze na fupi, kisha aongezewe urefu kidogo kidogo kadiri miguu inavyozoea. Ufaransa, katika kituo cha Les Arcs, Robert Blanc naye alifundisha kwa njia hiyo. Kwa hiyo atakayekucheka kwamba skii zako ni za kitoto, mwache acheke.

Shida iliingia baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kneissl ya Austria ilitoa Bigfoot, skii fupi mno iliyochongwa mbele mfano wa vidole vya mguu. Mwaka 1995 kijana wa Kimarekani, Jason Levinthal, akaanzisha kampuni ya Line kwa kutengeneza skii fupi za michezo ya kuruka, na kabla miaka hiyo haijaisha Salomon wakaja na Snowblade. Mchezo ukapamba moto, hata ukaingizwa kwenye mashindano ya X Games ya majira ya baridi kuanzia 1998 hadi 2000. Lakini nyingi kati ya skii hizo ziliuzwa zikiwa na kifungio kisichofyatuka: waya mnene upande mmoja, kishikizo upande wa pili, unakandamiza kwa mkono, basi. Hakina springi ya kupima chochote. Kinashika buti, na kitaendelea kulishika mpaka wewe mwenyewe uiname ukifungue. Zile skii hazikufa. Ziko kwenye magereji ya watu, ziko kwenye maduka ya mitumba, na ndizo hizo mnazoletewa kwa bei poa.

Hoja ya kuzitetea ilikuwa kwamba skii fupi haina urefu wa kutosha kuupinda mguu. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu ya ukweli imelaza wengi hospitali. Madaktari walipowatazama majeruhi wa skii hizi, walikuta kwamba kuvunjika mfupa chini ya goti kumezidi kuliko kwa wenye skii za kawaida zinazofyatuka.

Sikilizeni linavyotokea. Buti la skii ni gumu. Limekamata kifundo cha mguu na kupanda hadi sehemu ya muundi. Makali ya skii yanaponasa kwenye theluji iliyoganda, skii inasimama au inageukia nje. Mwili, wenye kilo 70 na mwendo wake, hausimami. Kifundo hakiwezi kujizungusha kwa sababu buti limekibana. Msokoto wote unapanda juu kutafuta pa kutokea, na mara nyingi unapapata karibu na pale buti linapoishia. Mfupa unapasuka kwa kuzunguka, kama si mmoja basi yote miwili. Baada ya hapo ni chumba cha upasuaji, vyuma na skrubu, magongo, na majira mazima ya baridi ukiyatazama dirishani.

Kuna kijana huniuliza: "Babu, mbona ubao wa theluji haufyatuki na watu wanauteleza kila siku?" Swali la maana. Kwenye ubao miguu yote miwili imefungwa juu ya kitu kimoja. Mguu mmoja hauwezi kusokotwa kushoto huku mwenzake akielekea kulia, tena buti zenyewe kwa kawaida ni laini. Mtu wa ubao akianguka huumia zaidi mikono, hasa kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa ndiyo anayoitanguliza. Skii fupi ni mbili, kila mguu na safari yake. Usichukue sheria ya ubao ukaipeleka kwenye skii kwa sababu tu vyote viwili huteleza kwenye theluji.

Aliyefungua njia ya kifungio cha kuachia ni Hjalmar Hvam, Mnorwei aliyehamia Portland katika jimbo la Oregon. Alikuwa bingwa, si mtu wa kubahatisha. Mwaka 1937 alivunjika mguu kwenye mlima Mount Hood, na akiwa hospitalini ndipo alipobuni kifungio kitakachofunguka chenyewe mguu unaposokotwa. Akakiuza kwa jina la Saf-Ski. Vilivyofuata viliboreshwa mwaka hadi mwaka. Katika kituo cha Sugarbush, Vermont, watafiti walianza mwaka 1972 kuwaandika majeruhi kila majira, na katika miaka iliyofuata waliona kuvunjika kwa muundi kukipungua sana kadiri vifungio na buti vilivyokuwa bora. Ni kazi ya watu wengi kwa miaka mingi. Wewe usiitupe kwa ajili ya dola chache za punguzo.

Kifungio cha kisasa kina vipande viwili. Cha mbele hushika ncha ya buti, nacho hufunguka kwa ubavu mguu unaposokotwa. Cha nyuma hushika kisigino, nacho hufunguka kwenda juu mwili unapotupwa mbele. Kila kipande kina springi ndani, skrubu ya kuikaza, na kidirisha chenye namba. Namba hizo duniani kote huitwa DIN. Namba ndogo, kinaachia mapema. Namba kubwa, kinang'ang'ania. Vifungio vingi vya watu wazima wa kujiburudisha huanzia 3 na kuishia 10 au hapo karibu. Vya watoto huanzia chini ya 1.

Namba hiyo haitoki kichwani mwa mtu. Kuna utaratibu wa kimataifa, ISO 11088, wenye jedwali ambalo kila fundi wa skii analijua. Fundi huuliza uzito, kimo, umri na namna unavyoteleza, halafu husoma urefu wa soli ya buti kwa milimita. Utaukuta umeandikwa ubavuni, karibu na kisigino. Uzito na kimo visipokubaliana, hufuatwa kile kinachotoa namba ndogo. Ukifika miaka 50, unashushwa ngazi moja, maana mfupa si ule wa ujana. Mtoto wa chini ya miaka 10 naye hushushwa. Watu wawili wenye kilo sawa wanaweza kupewa namba mbili tofauti kwa sababu mmoja ana buti refu. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu akimwambia rafiki yake, "Weka 6 tu, mimi natumia 6."

Hapo ndipo inapoingia nasaha yangu ya kwanza: mwambieni fundi ukweli. Nimewaona mama wa heshima zao wakipunguza kilo kwa sababu wifi amesimama nyuma kwenye foleni. Nimewaona vijana wasioweza hata kusimama wakijiandika kwenye fomu kwamba ni watelezaji wa aina ya tatu, wale wakali wa mwendo, kwa sababu kuna binti anasoma fomu begani. Jedwali halijui haya wala fahari. Ukipunguza kilo, buti litachomoka mahali ambapo hukulitarajia. Ukijipandisha daraja, springi itakazwa, na siku ya kuanguka itakushika kama ulivyoagiza mwenyewe. Aina ya kwanza ni ya mtu mwangalifu, wa mwendo wa pole, na wengi wenu ni hao. Hakuna aibu. Kama kilo zako ni siri, mwandikie fundi kwenye kipande cha karatasi umpe mkononi; naye atanyamaza.

Nasaha ya pili: msikimbilie kukaza. Mnajua mambo ya fyuzi. Nyumba ina fyuzi inayokatika kila mara, mtu anachoka, anachomeka kipande cha waya mnene. Taa haizimiki tena, anajisifu. Usiku mmoja nyumba inaungua. Anayekaza kifungio ili kisifyatuke anafanya yale yale kwenye mguu wake. Kabla ya kukaza, tafuta kwa nini kimefyatuka.

Aliwahi kunijia kijana wa watu, mrefu, amenuna. "Mzee, nikazie hizi, zimenitupa mara mbili." Sikushika bisibisi. Nikamwambia ainue mguu, nikalitazama buti kwa chini. Barafu imejaa kwenye soli nene kama kidole, na ndani yake changarawe za maegesho. Alivaa buti garini akatembea nazo mpaka kilimani. Buti la namna hiyo linakaa juu kuliko linavyotakiwa, na kifungio hakiwezi kulipima. Nikaikwangua barafu kwa ncha ya fimbo. Nikapangusa lile bamba laini lililo chini ya ncha ya buti, ambalo kazi yake ni kuliacha buti liteleze kwenda pembeni wakati wa kufyatuka. Nikamwambia akanyage. Kisigino kikalia tak, sauti moja kavu. Nikatazama alama ya msukumo kwenye kipande cha nyuma, ile inayoonyesha kama buti limebanwa sawasawa kati ya kisigino na ncha: ilikuwa mahali pake. Namba zake hazikuguswa. Alirudi jioni kurudisha vifaa, hana neno.

Msinielewe vibaya. Kifungio kinachofyatuka ovyo nacho ni hatari. Kupoteza skii katikati ya kona kunaweza kukuangusha vibaya. Kama umekwangua barafu, soli haijalika, alama ya msukumo iko sawa, na bado kinakutupa, mrudie fundi. Yeye ana mashine ya kupimia nguvu inayohitajika kukifyatua. Wewe una bisibisi tu na hasira.

Nasaha ya tatu ni ya kununua. Mlango wa kwanza ni kukodi, na kwa mwaka wa kwanza ndio bora, kwa kuwa duka linabeba mzigo wa kupima na wewe unajifunza mwili wako unataka nini. Mlango wa pili ni kununua skii fupi iliyotoka kiwandani na kifungio cha kufyatuka juu yake, kwa kawaida kimekaa kwenye reli ya kusogeza mbele na nyuma kulingana na buti. Hii ndiyo nasaha yangu kwa wengi. Mlango wa tatu ni ile skii fupi yenye matundu manne katikati, yaliyopangwa mraba wa sentimita nne kwa nne. Matundu hayo hayapokei kifungio cha kawaida moja kwa moja. Linafungwa kwanza bamba la kuinulia, kisha kifungio juu ya bamba. Bamba linaongeza uzito, lakini lina faida ya pili: skii hizi mara nyingi ni pana, na buti likiinuliwa kidogo unaweza kuilaza skii kwenye makali yake bila pembe ya buti kukwaruza theluji. Usitoboe skii mwenyewe kwa drili ya nyumbani. Skii fupi nyingine ni nyembamba au hazikuimarishwa pale unapotaka kutoboa, na skrubu iliyoshika mapovu na gundi itang'oka siku unayoihitaji.

Ukishapata kifungio, tazama breki, ile mikono miwili inayoshuka buti linapotoka. Skii isiyofyatuka hufungwa kamba mguuni. Skii inayofyatuka lazima iwe na breki, la sivyo itashuka mlima peke yake ikimtafuta mtoto wa mwenzio. Mikono ya breki ipite kiuno cha skii kwa milimita chache. Ikiwa myembamba kuliko skii, haitashuka. Ikitokeza sana, itakwaruza theluji ukilala kwenye kona.

Tazama na soli ya buti. Soli za zamani ni bapa na ngumu. Siku hizi buti nyingi zina soli ya GripWalk, iliyopinda kidogo na yenye mpira wa kutembelea, na si kila kifungio kinaikubali. Peleka buti zako dukani unapokwenda kununua. Usinunue kifungio kwa kukisia. Na kwa mitumba, rahisi huwa ghali. Viwanda vina orodha ya vifungio ambavyo bado vinavidhamini. Kikitoka kwenye orodha hiyo, fundi mwenye cheti atakataa kukigusa hata kama kinang'aa. Kwa hiyo kabla ya kumlipa muuzaji, mpigie fundi umtajie jina la kifungio. Akisema hakigusi, mwachie mwenyewe mali yake.

Sasa ndiyo tuje kwenye urefu, maana ndilo swali mlilonijia nalo. Chini ya sentimita 100 ni za kuchezea kwenye kilima kilichosawazishwa, kwa mwendo mdogo. Zinageuka upesi, na kwa sababu hiyo hiyo zinatikisika ukizidisha kasi. Mtu mzima wa kilo za kutosha, anayetaka kuteleza siku nzima bila kuhangaika, namwelekeza kati ya 110 na 130. Bado ni fupi, bado zinatii mguu, lakini zina makali marefu kidogo ya kushika. Na sisi wa Calgary tunayahitaji makali hayo. Upepo wa Chinook ukivuma mchana, theluji inayeyuka. Usiku inaganda, na asubuhi unateleza juu ya barafu. Skii ya sentimita 90 ina makali mafupi ya kuishika barafu hiyo.

Mahali pa kuanzia ni kile kilima cha mjini, WinSport, kilichobaki na mji tangu Olimpiki ya 1988. Ni kifupi, kinasawazishwa, na msaada uko karibu. Nakiska, zilikofanyika mbio za skii za Olimpiki ile, ni ya baadaye, ukishajua kusimama pale unapotaka kusimama. Kwenye vituo vya Lake Louise na Sunshine nendeni, lakini theluji mpya ikiwa imeanguka hadi magotini, skii fupi mziache nyumbani. Hazina eneo la kuelea. Zitazama, mbele patakwama, na mtaruka kichwa. Siku hiyo kodini ndefu.

Na msimamo. Skii ndefu ina mkia nyuma wa kumtegemeza anayeegemea nyuma kwa woga. Fupi haina. Kaeni katikati: magoti yamelegea, muundi unagusa ulimi wa buti, mikono mbele. Kijana akiogopa huketi kama yuko kwenye kiti, na skii fupi humwondolea kiti hicho papo hapo. Mlipe mwalimu kwa saa chache. Fundi anaweza kukufungia vizuri; kukuteremsha hawezi.

Najua kuna wanaosema, mbona mabingwa wanakaza vifungio vyao? Tunaye Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akakulia Austria, akaibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018. Tunajivunia yeye. Lakini mkimbiaji wa mashindano anashuka kwa kasi ya gari la barabara kuu, kwenye barafu iliyotengenezwa makusudi, na skii ikimtoka kwenye kona ya kasi hiyo anaingia kwenye uzio. Hesabu yake ni nyingine, miguu yake imejengwa tangu utotoni, na nyuma yake kuna kundi la mafundi na madaktari. Wewe unakwenda kilimani Jumamosi, Jumatatu una zamu ya kazi. Mshangilie, usiige namba zake.

Jambo moja siwafichi. Kifungio cha kufyatuka hakilindi kila kitu. Wale watafiti wa Vermont walioona muundi ukisalimika hawakuona nafuu kama hiyo kwa kano za goti. Goti linaweza kuumia kwa msokoto ambao kifungio hakiutambui, hasa mtu anapoanguka kwa nyuma huku akipigana asianguke. Ukiona umeshindwa, shindwa mapema: jilaze ubavuni, usijaribu kuinuka kabla hujaacha kuteleza. Helmeti nayo vaa. Hiyo sina haja ya kuihubiri.

Mwisho, vifungio vipelekwe kwa fundi kila mwanzo wa majira, hata kama mwaka jana havikukusumbua. Springi inazeeka, nawe unazeeka. Kilo zimebadilika, buti zimebadilika, pengine umevuka miaka 50 na hukumwambia mtu. Mtoto ndiyo kabisa: namba ya mwaka jana si yake tena. Wazazi, msiwarithishe wadogo skii za kaka zao bila kupitia kwa fundi.

Na siku skii itakapokutoka ukajikuta umekaa kwenye theluji, usilaani. Kagua mguu, mshukuru Mungu, sogea pembeni mwa njia ili wanaotoka juu wasikugonge. Ziweke skii zikikingama na mteremko, kwangua soli, bonyeza kipande cha kisigino kishuke, anza na mguu wa upande wa chini, usikie ile tak. Kisha endelea.

Haya ndiyo niliyo nayo. Atakayeona babu kazidisha maneno, aende akamuulize yeyote aliyetembelea magongo majira mazima. Nendeni mkafurahi, mrudi na miguu yenu miwili, na Mwenyezi Mungu awape afya ya kuwafundisha na wadogo zenu.